Ati Gathogo Hana Jana

Nililisoma gazeti mwenyewe, tena mara tatu, nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta ya hoteli yangu hapa Ruring'u, mpaka mteja mmoja akaniuliza kama chai yake inaletwa kutoka mji wa Kenol. Ukurasa mzima! Picha ya ukuta wangu, na juu yake kwa herufi kubwa: MCHORAJI ASIYE NA JANA. Chini yake dada mmoja wa Nairobi anayeitwa Anita, ambaye kazi yake ni kuangalia sanaa ya watu na kuwaeleza wasomaji ina maana gani, alikuwa ameandika kwamba Gathogo, fundi wetu wa mabango, hakufundishwa na mtu, hakuiga mtu, na hana deni kwa yeyote aliyemtangulia. Na alikuwa anamsifu. Hicho ndicho kilichonichoma. Mtu akikutukana makusudi unajua pa kumjibia, lakini huyu alichukua maisha ya mtu mzima akayakata katikati, kisha akangoja ashukuriwe.

Kabla hujauliza mimi ni nani hata nibishane na gazeti, naitwa Kabura, ingawa hapa wote wananiita Mama Shiku. Nauza chai, chapati, ndengu na nyama ya kuchemsha. Sanaa sikusomea. Lakini nimeishi na ule ukuta miaka sita, nikifungua hoteli asubuhi na kuifunga jioni, na Anita alikaa nao dakika arubaini. Najua ni arubaini kwa sababu ndizo alizochukua kumaliza chapati moja.

Nieleze basi Gathogo ni nani, maana gazeti halikueleza.

Alizaliwa Tetu, akaacha shule darasa la saba, akashuka mjini Nyeri kutafuta kibarua. Siku moja akiwa na miaka kumi na sita alisimama kando ya barabara akimtazama mwanamume mmoja juu ya ngazi akiandika jina la duka la nguo. Alisimama toka asubuhi hadi watu wakaenda kula. Yule mwanamume, kwa jina Mzee Dawud, akachoka kutazamwa, akamwuliza kutoka juu kule anaangalia nini. Gathogo akajibu, "Hiyo S imelala." Mzee Dawud akashuka ngazi, akavuka barabara, akasimama pale alipokuwa kijana, akaangalia kwa muda. "Imelala kweli," akasema. Kesho yake Gathogo alikuwa akimbebea ndoo.

Mzee Dawud alikuwa Mwislamu wa Majengo, pale pale Nyeri mjini. Hakuna mji wowote hapa chini ya mlima ambao hakuwahi kuandika ukuta wake. Alimfundisha Gathogo miaka tisa. Mwaka wa kwanza alikuwa anaosha brashi tu. Mwaka wa pili akashika kamba ya chaki, ile wanayoivuta na kuiachilia ili ipige mstari ulionyooka ukutani. Mwaka wa tatu aliandika herufi I peke yake, mwaka mzima, kwa sababu mzee aliamini kwamba asiyeweza kuisimamisha I hawezi kusimamisha kitu kingine. Tetu kwao walidhani amerogwa.

Sasa angalia herufi zozote za Gathogo. Zina kivuli chekundu, na kivuli kiko upande wa kushoto. Mafundi wengine wote wanaweka kulia. Mzee Dawud alianza kuandika katika chuo cha Kurani, akiwa mtoto, kwa herufi zinazotoka kulia kwenda kushoto, na mkono wake ukazoea kumalizia huko. Gathogo ni mzee wa kanisa la Presbiteri, anakusanya sadaka kila Jumapili na tai shingoni, na kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akiweka kivuli upande ule mwalimu wake alioushika madrasani. Anita alikiona hicho kivuli. Nitampa haki yake, alikiona. Halafu akaandika kwamba ni "kosa tamu la mkono usiofundishwa".

Kosa tamu! Miaka tisa ya ndoo na brashi!

Na yule ng'ombe. Kwenye ukuta wangu kuna ng'ombe mweusi na mweupe ambaye mwili unaelekea mlangoni lakini kichwa amekigeuza nyuma, anakutazama. Mzee Dawud alikuwa anasema ng'ombe anayetazama mbele anamwacha mteja barabarani, lakini akigeuka ni kama anakuuliza, wewe huingii? Anita aliandika kwamba ng'ombe huyo anamkumbusha wachoraji watano wa Ulaya, na akawataja wote watano, na miaka waliyokufa. Hapo ndipo nililiweka gazeti chini nikaenda kukanda unga kwa ngumi. Wa Ulaya wana jana, wamezikwa zamani na bado wanatajwa kwa majina. Sisi wa Ruring'u tumeota tu kama uyoga, mvua ikinyesha.

Aliandika tena eti wachoraji wa Nairobi wanakabwa koo na yaliyopita, wanachora huku wakiogopa babu zao na walimu wao, lakini huyu mzee wa Ruring'u yuko huru. Kuna watu watalipenda wazo hilo na mimi siwazuii. Ila uhuru wa kuambiwa huna baba, mimi siutaki.

Gathogo alikuja Jumatatu. Nilimpa gazeti na chai. Alivaa miwani, akasoma polepole akifuata mistari kwa kidole, akamaliza, akalikunja mara nne.

"Ameandika vizuri," akasema. "Kizungu safi."

"Baba Wachuka," nikamwita kwa jina la mtoto wake, "si amekusema vibaya?"

"Hajanisema vibaya. Amenisema peke yangu." Akanywa chai kidogo. "Humu ndani Mzee Dawud ameenda wapi?"

Akaniambia Anita amempigia simu, kwamba Jumamosi anarudi na wageni kutoka jumba moja la maonyesho Nairobi. Walitaka kuupiga ukuta picha kubwa, ionyeshwe huko chini ya jina lile lile la gazeti. Nikamwambia awakatalie. Akatikisa kichwa.

"Wacha wakuje. Mimi mdomo yangu si mzuri, lakini niko na kitu ya kuonyesha. Na nitakuja na Dada Sumayya."

Sumayya ni binti ya Mzee Dawud, naye ana miaka sabini na kitu. Gathogo hakusema ataonyesha nini, na mimi sikuuliza. Laiti ningeuliza. Nimejilaumu kwa hilo kuliko ninavyomlaumu Anita, na Anita namlaumu sana.

Kuna jambo la mafundi wa mabango ambalo sikulijua wakati huo. Fundi anapopaka ukuta upya, kuna kona moja chini, upande wa kulia, ukubwa wa trei ya chai, ambayo hagusi. Ukuta mwingine wote ni wake. Atafuta ng'ombe wa aliyemtangulia, atafuta herufi zake, hiyo ni kazi na hakuna anayelia. Lakini kwenye ile kona kuna majina ya mafundi walioandika ukuta huo, na jina la mwenzako halifutwi. Unaandika lako juu ya la yule aliyekufundisha, basi. Na fundi akiwa hai anaweza kulifufua jina lake likichakaa, lakini la marehemu haliguswi, linabaki kwa mkono wake mwenyewe.

Ukuta wangu ni wa zamani. Kona yake ilikuwa na majina matatu. Chini kabisa S. NGATIA 1962, ambaye alimfundisha Dawud. Katikati DAWUD 1974. Juu GATHOGO 1988. Kuta nyingine zote alizoziandika Mzee Dawud, za Karatina, za Murang'a, zimemezwa na rangi za makampuni, simu na sabuni na unga, wanapuliza kwa mashine ukuta mzima mpaka chini. Mzee hakupenda kupigwa picha. Alipokufa alizikwa kama alivyoagiza, kaburi bila maandishi. Kwa hiyo mtu aliyeandika majina ya watu wa Nyeri maisha yake yote, jina lake mwenyewe lilikuwa limebaki mahali pamoja tu duniani, nyuma ya magunia yangu ya makaa.

Nami nilidhani ni mahali mafundi wanapofutia brashi. Pamejaa masizi, pamerukiwa na matope ya mvua, unaona herufi mbili tatu hivi na vumbi. Mwaka jana nilimwona Gathogo amechuchumaa pale na rangi ya maji iliyobaki nilipopaka jikoni, nikafikiri anamalizia mkebe.

Sasa Anita kwenye gazeti alikuwa ameandika mstari mmoja juu ya kona hiyo. Aliandika: "kona chafu iliyoachwa, kwa sababu msanii huyu hajali kumaliza." Msomaji wa Nairobi ataona hapo falsafa. Mimi niliona jina la hoteli yangu na neno uchafu kwenye ukurasa mmoja. Wewe unajua mwanamke wa huku anavyojiandaa akiambiwa wageni wanakuja. Tunasugua hata chini ya meza ambapo mgeni hataangalia. Mama yangu alikuwa anapaka chokaa mawe ya njiani kila mara mchungaji akitutembelea. Ijumaa jioni niliondoa magunia, nikafagia, nikachukua rangi ya maji ya krimu, nikaipaka ile kona mara mbili, vizuri, bila kuacha alama. Nilisimama nyuma nikajipongeza.

Jumamosi saa nne wageni walifika kwa magari mawili. Anita alikuwa kijana kuliko nilivyomkumbuka, mwenye miwani mikubwa na heshima zake, alinisalimu kwa mikono miwili. Nasema hivi kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa na maringo. Waliagiza chai. Mpiga picha akasimamisha vyuma vyake kando ya barabara.

Halafu Gathogo akaja, amevaa koti la kanisani, amemshika Sumayya mkono. Sumayya alikuwa amevaa buibui na leso mpya, anatembea polepole kwa sababu ya magoti. Gathogo hakumsalimu mtu. Alimpeleka moja kwa moja upande wa kulia wa ukuta, akasema, "Dada, inama kidogo, ni hapa chini," kisha naye akainama.

Nilitoka na trei ya vikombe nikamkuta Gathogo ameinama hivyo hivyo, mkono umenyooka, anaonyesha krimu.

"Mama Shiku," akasema bila kugeuka. "Hapa kulikuwa na majina."

"Majina gani?"

"Ya Mzee Dawud. Ya mwalimu wake. Nani amepaka?"

Ningeweza kusema sijui. Wageni walikuwa wote wameshageuka. "Ni mimi," nikasema. "Jana. Gazeti ilisema ni pachafu."

Sumayya hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa Kiswahili chake cha Majengo, "Basi halipo tena? Nimechelewa siku moja?" Nikahisi aibu mpaka kwenye nyayo.

Anita alikuwa amekaribia. Gathogo akamweleza kwa maneno machache, kama nilivyokueleza mimi, kona, majina, nani alimfundisha nani, na kivuli kwa nini kiko kushoto. Alieleza taratibu. Anita akabaki na kalamu mkononi.

"Lakini Mzee, honestly, hukuniambia," akasema. "Ungeniambia tu, ningeandika."

"Hukuniuliza. Uliniuliza nasikia nini nikichora. Uliniuliza kama naota ndoto. Ulikula, ukaenda."

"Nilidhani..."

"Ulidhani mtu kama mimi hawezi kuwa na mwalimu."

Na mimi, badala ya kufurahi, nilikasirika zaidi, kwa sababu nilijua Anita aliandika uongo ule kwenye karatasi, na mimi ndiye niliyekwenda na brashi nikaufanya kuwa kweli. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi, nikamkasirikia hata mpiga picha aliyekuwa bado anapima mwanga.

Gathogo alikuwa amechuchumaa. Akaikwaruza ile krimu kwa ukucha wa kidole gumba. Ikabanduka kipande kidogo, na chini yake pakang'aa.

"Rangi gani hii ulitumia?"

"Ya maji."

"Na hukupiga msasa kwanza?"

"Msasa wa nini? Nilifagia tu."

Akavuta pumzi. "Ya Mzee Dawud ni ya mafuta. Ya Ngatia pia. Ya maji haishiki juu ya mafuta kama hujapiga msasa, na bado haijakauka sawasawa. Lete maji moto. Na sabuni. Na kitambaa, usilete ile ya chuma ya kusugulia sufuria."

Sijawahi kukimbia jikoni namna ile. Nilichukua sufuria ya maji yaliyokuwa ya chai ya wageni, wageni wangojee, nikachukua sabuni ya kipande na taulo la mkono, nikapiga magoti kwenye changarawe na rinda langu la Jumamosi. Gathogo alitaka kusugua mwenyewe nikamnyima. Nikamwambia aliyepaka ndiye atakayepakua.

Krimu ilianza kutoka kwa vipande, halafu kwa uji. Kwanza ikaonekana S ya Ngatia, ya bluu, nyembamba. Halafu 1962. Masizi ya miaka yangu yote yakatoka nayo pia, hata ikawa safi kuliko siku nilipoikuta. Sumayya alikuwa ameshikilia bega langu ili asianguke, na kila nikisugua nasikia vidole vyake vinanikaza. Nikapanda juu kidogo. Ikaja D. Ilikuwa nyekundu yenye ukingo mweusi, na kivuli upande wa kushoto, ndogo hivyo, herufi ya urefu wa kidole, na bado aliiwekea kivuli. Nikasikia Sumayya akisema "Bismillahi" kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo nilipoona maji yanayotiririka kwenye taulo yamekuwa ya kijani. Krimu haina kijani. Nikatazama juu ya jina la Dawud, pale krimu ilipokuwa imeloa, na chini yake nikaona GATHOGO, kwa kijani cha jikoni kwangu, ile rangi ya maji ya mwaka jana aliyolifufulia jina lake lililokuwa limekwisha kubanduka. Majina yamebanana, taulo haliwezi kugusa moja bila lingine, na mkia wa G ulikuwa umeshuka ukagusa jina la mwalimu wake. Nilipokuwa nasugua kufikia Dawud nilikuwa namfuta Gathogo, nusu ilikuwa imekwishakwenda. Nikasimamisha mkono.

"Baba Wachuka, hii ni yako. Inatoka."

"Naona."

"Niache? Si ya mzee imeshaonekana D na A? Watu wataelewa."

Anita naye akasema, "Tafadhali, wacheni hapo, angalau nipige picha yenye majina yote." Alikuwa amekwisha kutoa simu. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini nilitamani kumrushia lile taulo.

Gathogo alipiga goti kando yangu kwenye matope ya sabuni, na koti lake la kanisani. Akanishika mkono wenye taulo, akaurudisha ukutani.

"Sugua," akasema. "Mimi niko hapa, yangu nitaandika tena hata leo. Huyu ataandikiwa na nani?"

Nikachovya taulo kwenye maji moto, nikasugua, kijani chote kikatiririka chini hadi kwenye changarawe, mpaka Sumayya akaweza kusoma jina la baba yake herufi zote tano.